Kawal Ndani ya Ndoo ya Mayonezi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Siku kubwa! Mama Teresina, mwenye hoteli yetu hapa Hai Cinema, ametuita jikoni mimi na Marino. Amepata kazi ya kulisha wapakiaji wa mizigo kule uwanja wa ndege. Watu mia na ishirini kila mchana. Jiko jipya, mitungi ya gesi, friji ya kusimama. Anahitaji mpishi mkuu. Nikanyoosha aproni.

Nilidhani atanitaja hapo hapo. Nina cheti cha upishi kutoka Kenya. Nimekaa Juba miaka sita na sijaunguza wali ila mara moja, na siku hiyo kosa lilikuwa la jenereta. Marino amerudi kutoka Uganda juzi tu na bado anakata karoti kama anayepasua kuni. Lakini hapana. Mama Teresina kasema mama yake mzazi anakuja kutoka Wau Jumapili ya tarehe 21, na ndiye atakayechagua. Kila mmoja wetu atampikia mula ya kawal. Na kawal yenyewe tuitengeneze sisi wenyewe kuanzia jani.

Tatizo dogo: kawal ni majani yanayotwangwa na kuvundikwa ardhini wiki mbili mpaka yanuke, kisha yanaviringwa vidonge vyeusi na kuanikwa. Watu wa upande wa Wau wanaiweka kwenye mchuzi wao, mula, nyama ikikosekana, na hata ikiwepo. Naijua vizuri. Mwaka jana nilikuta kopo nyuma ya gunia la unga, nikadhani panya amefia humo, nikalitupa shimoni pamoja na kifuniko. Lilikuwa la Mama Teresina, zawadi ya huyo huyo mama yake. Alilitafuta mwezi mzima. Nilimsaidia kutafuta.

Tatizo kubwa: mwezi uliopita nilimwambia mke wangu Immaculate, aliyeko Kitale, kwamba cheo hicho nimeshapewa. Nilikuwa nimesikia fununu tu, ila niliona hakuna haja ya kumchosha na maelezo. Immaculate akamwambia mama yake. Mama mkwe akaliambia kanisa. Tarehe 28 kuna ibada ya shukrani kwa ajili yangu na mbuzi ameshanunuliwa. Miaka kumi na moja mama mkwe ananiita yule kijana wa sufuria, na sasa ananiita mwanangu. Siwezi kurudi kwenye sufuria.

Jumanne, 2 Septemba

Asubuhi soko la Konyo Konyo. Mpango wangu: kununua kawal iliyokwisha kukauka na kusema ni yangu. Nikamwendea Akur, mama anayeuza bamia kavu, pilipili na viungo vya kila namna. Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe anamfahamu mama wa Teresina. Alisema yule mzee akinusa kidonge anaweza kukutajia aliyekitengeneza, na hataki ugomvi naye. Akaniuzia majani mabichi tu, kifurushi kikubwa.

Kisha akanipa masharti, ingawa sikuyaomba. Majani yatwangwe bila kumwaga maji yake. Yatiwe kwenye mtungi wa udongo, yafunikwe kwa majani ya mtama, yawekewe mawe juu, mdomo uzibwe kwa tope, mtungi ufukiwe kivulini. Kila siku ya tatu ufunguliwe na kuchanganywa. Kwa mkono mtupu, wa mtu mmoja tu, yule yule, mpaka mwisho. Mtu huyo siku hizo anakula peke yake, kwa sababu harufu haitoki na hakuna anayetaka mkono huo kwenye sahani ya wote. Nikauliza kama naweza kutumia kijiko. Akanitazama kwa huruma.

“Kijiko hajui kama iko tayari,” alisema. “Mkono anajua. Kalas, basi.”

Marino naye alikuwepo. Aliuliza maswali kumi na mbili, akarekodi kwa simu, akampigia shangazi yake, akanunua mtungi. Karne hii! Mimi nina ndoo ya mayonezi ya lita ishirini yenye kifuniko kinachobana.

Alhamisi, 4 Septemba

Marino amefukia mtungi wake nyuma ya jiko, chini ya mwarobaini. Ametwanga tangu jana jioni akiimba nyimbo za kwaya. Viganja vina malengelenge. Nilimwonea huruma kidogo.

Mimi nimetumia mashine ya juisi, dakika nne. Nikajaza ndoo, nikabana kifuniko, nikaipandisha juu ya paa la stoo kwenye mabati. Kinachoivisha kitu ni joto, na paa lina joto kuliko ardhi. Nimepiga hesabu, siku kumi na nne zitakuwa sita. Siku nane zilizobaki nitapumzika nikimtazama Marino.

Mchana wateja watatu wamerudisha juisi ya pasheni. Nimewaambia ni aina mpya ya pasheni kutoka Uganda. Mmoja aliomba jina la aina hiyo ili asije akainunua.

Jumatatu, 8 Septemba

Jana Marino alifungua mtungi wake kwa mara ya kwanza. Akaingiza mkono mpaka kiwiko. Tangu hapo anakula akiwa ameketi juu ya kreti la soda, karibu na pipa la taka. Rita, mhudumu wetu, Mkenya mwenzangu, anamsogezea sahani kwa fimbo ya ufagio. Nilimuuliza Marino haoni aibu.

“Mimi iko sawa, ya Cyril,” alisema, akitanguliza “ya” kama wanavyoitana hapa. “Mkono yangu iko kazini.”

Nimepanda paani kuangalia ndoo. Kifuniko kimevimba kama tumbo la mtu aliyetoka harusini. Dalili nzuri. Inaiva.

Jumanne, 9 Septemba

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Saa saba mchana, hoteli imejaa. Meza ndefu imeshikwa na wafanyakazi kumi na mmoja wa shirika fulani, wanasherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Ndoo ikapasuka. Hawa watu wa mashirika wana mafunzo ya usalama, hivyo wote walikuwa chini ya meza kabla kifuniko hakijatua. Kilitua kwenye keki. Vilivyokuwa ndani vilitua kwenye vitambaa vya meza ishirini na vinne ambavyo Rita alikuwa ndio kwanza ameanika. Halafu harufu ikafika. Wakatoka chini ya meza wakiwa na mbio zaidi kuliko walivyoingia.

Mama Teresina aliuliza ni nini. Nilisema jenereta. Akasema jenereta yake haina majani. Nimefua vitambaa mara tatu kwa mkono. Rita amesimama kando akihesabu.

Ndoo imebaki nzima upande mmoja wa chini. Kifuniko kimezama kwenye keki. Sina kawal, na zimebaki siku kumi na mbili. Immaculate amepiga simu kuuliza kama kwa ajili ya ibada nivae suti ya bluu au ya kijivu. Nilisema bluu, kisha nikakaa kwenye ngazi za stoo nikiwa na hofu ya kweli, kama mtoto aliyepoteza kondoo.

Ijumaa, 12 Septemba

Wazo limekuja nikimenya vitunguu. Mtungi wa Marino ni mkubwa. Mzee mmoja hawezi kula kawal yote ile. Marino mwenyewe hufundisha watoto Jumapili kwamba tugawane. Kwa hiyo nitachukua theluthi moja. Na ili isionekane imepungua nitajazia sukuma wiki iliyotwangwa, ambayo nayo ni jani, tena lenye vitamini. Sioni ni nani anayeumia hapo.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetangaza malaria. Wote wameenda kanisani, Marino wa kwanza, kwa kuwa ndiye sauti ya tatu kwenye kwaya. Saa nne na nusu nilikuwa chini ya mwarobaini nikiwa na glavu, bakuli na sukuma wiki. Nikabandua tope. Nikaingiza mkono.

Glavu ilikuwa ya plastiki nyepesi, zile za kukamatia mikate. Ilichanika kwenye kifundo. Ikajaa.

Nimenawa kwa sabuni ya kipande. Kwa limau. Kwa majivu. Kwa unga wa kahawa, kwa mafuta ya taa, halafu tena kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya taa. Mafuta ya taa yametoka. Simu inanuka. Kalamu inanuka. Ukurasa huu unanuka. Lakini bakuli limejaa, tope limerudishwa, na Marino amerudi akiimba. Ameniletea panadol.

Jumatatu, 15 Septemba

Mkono nimeufunga bandeji tangu vidoleni hadi kiwiko. Nimesema nimeungua kwa mafuta ya chapati. Mama Teresina ameniletea asali ya kupaka. Rita ameniuliza chapati nilizipika lini, maana hatujapika chapati tangu Ijumaa. Huyu dada ana maswali mengi.

Marino amenikatia vitunguu vyote vya leo, ndoo mbili.

“Wewe pumzika,” alisema. “Mimi iko na mikono mbili, wewe iko na moja tu.”

Nilisikia kitu kimenichoma kifuani. Kiungulia bila shaka.

Jambo jema ni moja: nimegundua nikikaa karibu na Marino, harufu yote anabebeshwa yeye. Kwa hiyo tumekula pamoja, kila mtu na kreti lake. Wakasema tazama Cyril alivyo na moyo, hamtengi mwenzake. Mama Teresina aliniangalia kwa macho laini kabisa.

Alhamisi, 18 Septemba

Marino ametoa kawal yake leo alfajiri, ameviringa vidonge, ameanika kwenye ungo, na kila wingu likitokea anakimbia nao ndani. Nilimsikia akimwambia shangazi kwa simu kwamba mkono unamwambia kuna kitu hakiko sawa humo, lakini hajui ni nini. Shangazi akamwambia amwombe Mungu.

Mimi nimevuka hatua hiyo. Nimejiuliza kwa nini watu wavumilie harufu karne zote hizi wakati maji ya moto yapo. Nimechemsha kawal yangu mara tatu, kila mara nikimwaga maji. Nikailowesha kwenye limau na mdalasini usiku kucha. Nikaianika. Hainuki hata kidogo! Kawal safi. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza. Nikimaliza na uwanja wa ndege nitazungumza na mahoteli makubwa.

Mkono bado.

Jumapili, 21 Septemba

Nimengoja wote walale ndipo niandike.

Mama wa Teresina amefika saa tano. Anaitwa Jacinta, wote wanamwita Haboba, ndivyo wanavyomwita bibi hapa. Mdogo wa umbo, ana kifuko kimoja na fimbo. Anazungumza Kiarabu cha Juba tu, na Mama Teresina akawa anatutafsiria. Kabla ya kukaa akataka kutusalimu mmoja mmoja. Na salamu za huku si za kugusana vidole. Anakushika mkono, hauachii, anakuuliza habari za nyumbani mpaka mama wa mama yako.

Akaanza na Marino. Akaushika mkono wake, akasita, akauleta puani. Akafumba macho. Alisema kitu kwa sauti ya chini. Mama Teresina akatutafsiria. Haboba amesema mkono wa mama yake ulikuwa na harufu hii hii mpaka siku walipomzika, na tangu vita viwatoe kijijini hakuwa ameinusa kwenye mkono wa mtu. Hata mimi macho yalilowa, nakiri.

Kisha ikawa zamu yangu. Nikatoa kiwiko. Akangoja. Nikaeleza habari ya mafuta ya chapati. Akasema ameuguza watoto saba na anajua kuungua, tuone. Akafungua bandeji mwenyewe, polepole, akiikunja vizuri kama anayeihifadhi. Mkono ukatoka msafi, hauna hata kovu. Harufu ikatoka nao.

Mwanzoni alifurahi. Mikono miwili ya kawal kwenye nyumba moja! Akauliza mtungi wangu uko wapi. Rita alitazama paani.

Tukaleta chakula. Mula ya Marino kwanza, pamoja na asida, ugali wao. Haboba alikula taratibu, kichwa kikitikisika kwa kukubali, halafu kikaacha. Akasema humu kuna jani jingine. Marino akasema kwamba yeye hakuweka kitu, alifuata kila neno aliloambiwa. Hapo ndipo ningeweza kusema. Nikaangalia dari. Dari yetu ina nyufa nne.

Ikaja mula yangu. Alikula matonge matatu kwa adabu. Akamuuliza binti yake huu ni mchuzi gani. Akaambiwa ni kawal. Akainamia sufuria, akanusa, akanusa tena. Akaniomba mkono, akaulaza mezani kando ya bakuli langu. Akavinusa kimoja kimoja.

“Mama anasema kawal yote imebaki kwa mkono yako,” Mama Teresina alisema. “Kwa sufuria hakuna kitu.” Akamsikiliza mama yake tena. “Na anauliza hiyo jani ingine kwa mtungi ya Marino ni jani gani.”

“Sukuma wiki,” nilisema. Ilitoka yenyewe.

Marino hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniangalia, mikono yake imening'inia, malengelenge yamekauka yakawa meusi.

“Ya Cyril,” alisema, “si ungeomba tu? Mtungi ilikuwa kubwa.”

Niliona aibu. Aibu ya kweli, ya kutaka kuingia chini ya kreti. Iliendelea mpaka chakula cha jioni.

Hukumu: kawal aliyotengeneza Marino ni nzuri, kilichoiharibu ni jani langu. Marino anakwenda uwanja wa ndege kuwa mpishi mkuu. Mama Teresina alitaka kunifukuza. Haboba ndiye aliyekataa. Amesema mkono ulioshika harufu namna ile usitupwe bure. Kesho anafukia mtungi mpya wa jiko la uwanja wa ndege na mimi ndiye nitakayeuchanganya, mkono mtupu, kila siku ya tatu, mpaka uishe. Nitaripoti kwa Marino.

Jumatano, 24 Septemba

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Watu wa kawaida wangeliita adhabu. Lakini hebu tulitazame. Jiko la uwanja wa ndege linategemea kawal. Kawal inategemea mtungi. Mtungi unategemea mkono mmoja, na Haboba, ambaye ndiye mkubwa wa wote, ameuchagua wangu. Marino anaweza kubadilishwa wakati wowote. Mimi, kwa mila zao wenyewe, siwezi.

Nimempigia Immaculate na kumwambia nimepandishwa tena. Mkuu wa Kitengo cha Viungo, Uwanja wa Ndege. Mama mkwe alichukua simu na kuniita mwanangu mara mbili. Ameongeza mbuzi wa pili. Wazee wa kanisa watapanga mstari kunipa mkono wa pongezi, watu kama mia mbili.

Ijumaa, 26 Septemba

Kikwazo kidogo. Jana nimechanganya mtungi kwa mara ya kwanza. Mara ya pili ni Jumapili tarehe 28, siku yenyewe ya ibada. Haboba amesema mwenye mtungi hasafiri mpaka wiki mbili ziishe, na hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kuingia humo. Marino alimwombea apate ruhusa ili niende nyumbani, akapendekeza tufukie mtungi mwingine nikirudi. Haboba akakataa. Nilimwambia Marino asijisumbue, nina njia.

Sharti ni kwamba mtungi na mkono visitengane. Hakuna aliyesema lazima vikae Juba. Basi kesho mtungi unasafiri na mimi. Udongo ni mzito, kwa hiyo leo, wote wakiwa wamelala mchana, nimehamisha kila kilichokuwemo na kukitia kwenye ndoo mpya ya mayonezi. Mtungi nimeujaza sukuma wiki mpaka juu ili mtu asihangaike, na tope nimelirudisha vizuri kuliko mara ya kwanza. Jumatatu nikirudi nitavibadilisha.

Ndoo iko ndani ya sanduku, nimeiviringishia vitenge viwili nilivyomnunulia mama mkwe na ile suti ya bluu, maana nguo huzuia harufu. Lile kopo la mwaka jana bado hakuna anayejua liliko. Mungu ni mwema.

Kifuniko nimekizungushia utepe wa gundi mara tisa. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa jua la mabati. Ndani ya ndege hakuna jua. Nimefikiria kila kitu.